Jumapili ya Shukrani Inakuja na Mimi Sina la Kusema, Je Imani Yangu Imekwisha?

Mshauri, pole na majukumu. Mi ni mama wa miaka 71, Mmoravian, naishi huku Rungwe karibu na Tukuyu, na anayeandika hapa ni mjukuu wangu wa kidato cha pili, mi naongea yeye anachapa, maana macho yangu sasa ivi yana ukungu na herufi za kwenye simu sizioni.

Mume wangu alishatangulia. Nilizaa sita, wawili tumewazika, waliobaki wako mbali, wawili Dar, mmoja Tunduma, mmoja Chunya kwenye machimbo. Niliye naye hapa ni huyu mjukuu. Maisha yangu yote nimefanya kazi mwanangu, nimechuma chai kapu liko mgongoni na mvua inanyesha, nimelima viazi, nimebeba mkungu wa ndizi kichwani mpaka barabarani kusubiri magari ya kwenda Mbeya, na Jumapili nilikuwa kwaya, sauti ya pili, nimeimba toka nikiwa binti mpaka nimepata wajukuu. Sasa magoti yamegoma. Kutoka hapa kwangu mpaka kanisani kuna kamlima tu, zamani nilikuwa nakapanda huku naongea na wenzangu, saivi nikifika katikati natafuta jiwe nikae, ibada imeanza mi bado niko njiani. Kwaya nimeacha maana kusimama siwezi. Pasaka iliyopita wenzangu walienda makaburini alfajiri kama desturi yetu Wamoravian ilivyo, mi nikabaki kitandani nawasikia wanaimba kwa mbali, na mume wangu amelala kulekule. Hilo liliniuma kuliko magoti yenyewe.

Sasa shida yangu ni hii. Jumapili ya mavuno inakuja na kikundi chetu cha akina mama kimepanga kila mmoja asimame atoe shukrani, aseme mwaka huu Mungu kamtendea nini, alafu apeleke mbele bahasha au kitu cha mnada. Wenzangu wana ya kusema, huyu mtoto kapata ajira, huyu kapaua nyumba, huyu kapona presha. Mi nikikaa natafuta la kusema silipati. Nikisema asante Mungu kwa uzima nasikia kama nadanganya kanisani, uzima gani wakati usiku silali, saa tisa niko macho nasikiliza mvua kwenye bati, na moyoni yanakuja maneno mabaya, namuuliza Mungu mbona wenzangu umewachukua mimi umeniacha nichakae peke yangu. Nilimweleza mama mmoja ambaye ni kiongozi wetu, akaniambia mtu akikosa shukrani ujue imani imepoa, Biblia inasema shukuruni kwa kila jambo, nenda katubu. Nimetubu. Hakuna kilichobadilika.

Alafu kuna hili lingine. Mwanangu wa Dar anataka nihamie kwake, anasema mama huko baridi inakumaliza. Mi sitaki kuondoka hapa, ila nikikataa naona kama ndo huko kukosa shukrani kwenyewe, mtoto anakupenda unamkatalia. Na akituma hela napokea ila naona aibu, mi niliyezoea kutoa sasa nimekuwa wa kupewa. Hata sweta nzito nahitaji lakini kumwambia nashindwa.

Nijibu ukweli tu. Je imani yangu imekwisha? Na hiyo Jumapili nisimame niseme nini?

Mama wa Rungwe

MAJIBU

Shikamoo mama yangu. Na wewe mjukuu unayechapa, hujambo mwanangu, asante kwa kumwandikia bibi yako bila kumpunguzia maneno.

Nianze na lile uliloniuliza kwanza maana najua ndilo linalokuamsha usiku. Hapana mama, imani yako haijakwisha. Mtu ambaye imani imemwisha hana wa kumuuliza maswali saa tisa usiku, anajigeuza upande wa pili analala, au anakaa anahesabu shida zake mwenyewe. Wewe ukiamka unamuuliza Mungu, tena unamuuliza kwa ukali, na hujaenda kuuliza kwa mwingine. Hayo ni maombi. Yana machozi na hasira ndani yake lakini ni maombi, na kwenye Biblia yapo mengi ya namna hiyo kuliko tunavyosomewa kanisani.

Huyo mama kiongozi alikunukulia 1 Wathesalonike 5:18, na mstari ni wa kweli, siwezi kuupinga. Lakini mwombe mjukuu akufungulie sura hiyohiyo akusomee kuanzia mstari wa 14, yani mistari minne tu juu yake, Paulo anawaambia "watieni moyo walio dhaifu; watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote." Umeona anavyopanga mambo? Kabla hajaagiza watu washukuru ameagiza kanisa liwatie moyo waliochoka. Sasa sisi tumezoea kurukia ule wa 18 tunampiga nao mtu aliyekaa chini kwenye jiwe katikati ya mlima, na wa 14 unaotuhusu sisi wenye magoti mazima tunaupita. Naomba nisieleweke vibaya, simsemi vibaya kiongozi wako, inawezekana kabisa alikuwa anajitahidi kukusaidia kwa alichonacho. Ila wewe ulipaswa kutiwa moyo na badala yake umetumwa kutubu kitu ambacho si dhambi, na ndo maana umetubu na hujasikia tofauti yoyote.

Sasa nakuomba usomewe Zaburi ya 71, yote, taratibu, ikiwezekana usiku kabla ya kulala. Hiyo ni zaburi ya mzee. Mstari wa 9 anasema "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mama, si ni maneno yako hayo? Anayesema hivyo hajaacha imani, ameandikwa ndani ya Biblia na watu wanamsoma mpaka leo. Na ukiendelea mpaka wa 11 utakuta kuna watu pembeni yake wanasema Mungu kamwacha huyu, yani hata zamani zile mzee akipungukiwa nguvu hawakukosekana wa kumtangazia kwamba Mungu kaondoka. Mzee hakuwaamini. Anaendelea kuomba, analalamika, anasifu, analalamika tena, anamkumbusha Mungu kwamba nimekutegemea tangu ujana wangu, alafu kwenye wa 20 anamwambia wazi kwamba wewe ndiye uliyenionyesha mateso mengi, na bado mwishoni anataka kinanda aimbe. Kote huko ni mdomo mmoja na ni zaburi moja. Wewe umeishi na kuni za Rungwe maisha yako yote, unajua msimu wa mvua zinafuka moshi muda mrefu kabla hazijashika na hakuna mama anayezitoa jikoni kwa sababu ya moshi, anapuliza. Hayo maneno yako ya saa tisa usiku ni moshi, usiyazime, mwambie Mungu yote mpaka yaishe, na shukrani ikija itakuja baada ya hapo, ikiwa ya kwako kabisa.

Kitu kingine naomba nikiseme wazi kwa sababu kinanikera siku nyingi. Shukrani zetu makanisani zimekuwa za mambo yanayoonekana, ajira, nyumba, gari, kupona, mtoto kufaulu, na wazee wetu wanakaa kwenye benchi wanasikiliza orodha ya vitu ambavyo wao kwa umri wao havitakuja tena. Mzee hapati ajira mpya. Magoti ya miaka 71 hayarudi kuwa ya 30. Kama shukrani ni ya kilichoongezeka mwaka huu basi tumewafungia nje watu wote wenye mvi, na hao ndo waliojenga hayo makanisa kwa kubeba mawe na mchanga kichwani. Mi nadhani wachungaji na viongozi wa vikundi wanaosoma hapa waliangalie hili kabla ya Jumapili ya mavuno, na ikiwezekana watafute hata pikipiki ya kumfuata mzee nyumbani, na kiti chenye mto kwenye kwaya, maana sauti ya pili inaweza kuimbwa umekaa. Mama, hilo la kiti liombe. Mwalimu wa kwaya mwenye akili atafurahi, wewe unazijua nyimbo ambazo vijana wake hawajawahi kuzisikia.

Mwili sasa. Hapa nasema haraka lakini nakuomba usipuuze. Ukungu kwenye macho kwa umri wako mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa, ni upasuaji mfupi, wanakutia ganzi jicho tu na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Usikae gizani kwa kitu kinachotibika. Magoti hayatakuwa mapya ila kuna dawa, kuna mazoezi na kuna mkongojo, na mkongojo mama hauna aibu yoyote, Yakobo alimwabudu Mungu akiwa ameegemea fimbo yake, iko Waebrania 11:21. Na hilo la kutolala, mwambie daktari pia, mwambie na habari ya hayo mawazo ya usiku. Huzuni ikikaa muda mrefu mtu halali, chakula hakina ladha, hamu ya vitu imekwisha, huo nao ni ugonjwa, unawapata sana wazee waliofiwa, na kutibiwa hakupunguzi imani. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 serikali inamtambua mtu wa miaka 60 kwenda juu kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo, kwahiyo mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii akuelekeze taratibu, na ukifika hospitali uliza dirisha la wazee.

Haya, sasa nije kwenye nilichotaka kukwambia hasa, maana nilipoisoma barua yako kuna sehemu nilirudia kusoma. Ulisema huna la kusema, alafu hapohapo ukaniambia umechuma chai na mvua inanyesha, umebeba mikungu mpaka barabarani, umezaa sita umezika wawili, umeimba toka binti. Mama yangu, hilo ndo la kusema.

Ninyi Wamoravian mna kitu kizuri sana ambacho mi Mlutheri wa Makete nakionea wivu. Kule Herrnhut, Ujerumani, walikotoka wale wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, tangu karne ya 18 watu wa kanisa lenu walikuwa na desturi ya kuandika habari za maisha yao wenyewe ili zisomwe siku watakapozikwa. Na hawakuandika wakubwa peke yao, mafundi, wajane na akina mama wa nyumbani nao waliandika, kila mtu aeleze alivyozaliwa, alivyotangatanga, alivyoumia, alivyokutana na Mwokozi na alivyotunzwa njiani, na maandishi hayo kwa maelfu yametunzwa hukohuko Herrnhut mpaka leo. Sisi huku siku hizi tunasoma historia ya marehemu, inaandikwa usiku wa msiba na watu wamechoka, wanaulizana alizaliwa lini jamani, aliolewa mwaka gani, inatoka nusu ukurasa, kazaliwa, kaolewa, kaacha watoto na wajukuu kadhaa, Bwana ametoa Bwana ametwaa. Maisha ya miaka 80 yanaisha hivyo. Inauma.

Yako iandike wewe. Macho hayaoni lakini mdomo unasema na mwandishi unaye hapo nyumbani. Na ukianza kusimulia usitafute miujiza mikubwa, simulia ilivyokuwa, na penye machungu useme ni machungu, hao watoto wawili uliowazika wataje kwa majina na useme ulilia vipi. Nina imani kabisa, na nimeiona hii kwa wazee wengi niliokaa nao, kwamba ukisimulia utafika mahali wewe mwenyewe utasema kumbe siku ile nilisaidiwa. Kuna jirani aliyekupokea mkungu mabega yalipokuwa yamechoka, kuna mtu alikuletea maziwa ulipokuwa umejifungua, kuna usiku mtoto alichemka mwili mpaka mkakata tamaa na asubuhi akaomba uji. Hayo ulishayapita, ulikuwa na kazi nyingi hukupata muda wa kuyashukuru, sasa muda unao. Mzee wa Zaburi 71 ukifika mstari wa 18 anaomba kitu kimoja, kwamba Mungu asimwache na mvi zake mpaka akiambie kizazi hiki habari za nguvu za Mungu. Kizazi chenyewe kwako kiko kidato cha pili na kinakuchapia barua.

Na za kila siku usiziache. Badala ya kusema asante kwa uzima, ambayo umesema inakukwama kooni, shukuru kwa kitu kimoja unachokiona kweli siku hiyo, hata kama ni maji ya moto aliyokuletea mjukuu ukakanda magoti, na ukimaliza kumshukuru Mungu mshukuru na mjukuu mwenyewe kwa sauti asikie. Siku ambayo hukioni hata kimoja, mwambie Mungu leo sijakiona, ulale.

Kuhusu Dar. Kuna mzee anaitwa Barzilai kwenye 2 Samweli sura ya 19, alikuwa na miaka 80, Daudi mfalme alimpenda akataka amchukue wakaishi wote Yerusalemu amtunze. Mzee akamjibu kwa adabu na kwa ukweli mtupu, kwamba mimi ladha ya chakula siisikii tena na sauti za waimbaji sizisikii vizuri, kwanini niwe mzigo kwa bwana wangu, niache nirudi nikafie mjini kwetu karibu na kaburi la baba yangu na mama yangu. Na Daudi hakumwita asiye na shukrani, akambusu akambariki akarudi kwake. Kwahiyo unaweza kumwambia mwanao asante kwa moyo wote na hapana kwa moyo wote, ni mazungumzo ya simu moja tu. Mwambie sababu za kweli, kaburi la baba yao, kanisa lako, migomba yako. Ila mama nawe umsikilize hofu yake, yuko mbali anawaza ukianguka usiku itakuwaje na mjukuu bado ni mtoto wa shule, basi mkubaliane na watoto wote wanne, pengine atafutwe mtu wa kukaa nanyi, au wachangie mlango na choo cha kukaa kiwe ndani. Na kama siku moja hali ikikataa kabisa itabidi ukubali kwenda, na Mungu atakuwa amefika Dar kabla yako.

Sweta liombe leo. Paulo mtume akiwa amefungwa, ameshazeeka na anajua kifo kiko karibu, kwenye barua ile ya mwisho kwa Timotheo anamwagiza amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamsisitiza awahi kufika kabla ya majira ya baridi. Ni 2 Timotheo 4, mstari wa 13 na wa 21. Mtume mzima anasikia baridi na anasema nasikia baridi, nileteeni nguo yangu, na Kanisa limeyatunza maneno hayo kama Maandiko Matakatifu. Mimi nimekulia Makete, naijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba inavyomwingia mzee kwenye mifupa. Watoto wako umewavalisha miaka yote hiyo, wape nao nafasi ya kukuvalisha, wengine wanatamani kufanya kitu na hawajui wafanye nini ndo maana wanaishia kutuma hela.

Na Jumapili yenyewe, hulazimiki kusimama. Ukisikia huwezi, peleka ndizi zako mbele kwa mkono wa mjukuu ukae, Mungu anajua zimetoka shamba gani. Ukisikia unaweza basi sema hata maneno machache ya kweli tupu, kwamba mwaka huu umekuwa mgumu kwangu, magoti yananiuma na mume wangu nimemkumbuka sana, usiku nimemuuliza Mungu maswali, na mpaka leo naendelea kuongea naye, nyimbo zenu za Pasaka nilizisikia nikiwa kitandani na nawashukuru mlioniimbia mume wangu. Ukisema hivyo nakuhakikishia kuna mzee mwingine kwenye benchi la nyuma atapumua.

Mjukuu, sasa naongea na wewe. Nunua kauntabuku, lile daftari nene, bibi akikupa hela au mjomba akituma. Jioni mkishamaliza kula muulize swali moja tu, usimuulize makubwa, muulize siku ya kwanza kuchuma chai alienda na nani, babu yako alimwonaje mara ya kwanza, wimbo gani waliimba alipoingia kwaya, hao wajomba zako waliofariki walikuwa wanapenda kula nini. Andika kama anavyosema, akichanganya Kinyakyusa andika hivyohivyo, usimsahihishe. Kama simu ina nafasi mrekodi na sauti, alafu mtumie mjomba wa Dar asikie. Akilia mwache alie, ukae hapo. Na huyo wimbo akikwambia, mwombe akufundishe sauti ya pili.

Ndaga fijo mama kwa kuniamini na barua yako. Ukishaonana na daktari wa macho niandikie.